Anza na pesa iliyokwisha kutoka: jibu kwa mhadhiri wa Moshi anayetafuta ufadhili wa utafiti

Swali lenyewe hili hapa, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mhadhiri wa kike kwenye chuo kimoja hapa Moshi, nilimaliza uzamivu miaka mitatu iliyopita, fani yangu ni udongo na maji. Nina vipimo vya miaka miwili vya maji kwenye mifongo mitatu, ile mifereji yetu ya asili ya kumwagilia, huku Old Moshi, nimevichukua kwa hela yangu ya mfukoni nikisaidiwa na wanafunzi wawili. Nataka kuendelea ila chuo hakina pesa. Kwenye magrupu ya wasapu kila siku kuna matangazo ya granti, nikifungua nakuta dedilaini ni wiki ijayo, au sifa sina. Mwaka jana nimetuma maandiko manne, mawili yamekataliwa na mawili hata kujibiwa hayajajibiwa. Hawa wenzetu wanaopata wanaziona wapi? Au ni kujuana tu?"

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa hayo maandiko manne. Andiko moja tu linakula usiku wa wiki tatu nzima, watoto wanalala hujawaona, sasa manne ndani ya mwaka mmoja huku unafundisha na kusahihisha, hiyo ni kazi kubwa na siwezi kukuambia eti ongeza bidii manake bidii unayo. Tatizo naliona pale unapoanzia. Unaanzia kwenye tangazo, na tangazo ni kitu cha mwisho kabisa mfadhili anachofanya, alishakaa vikao, alishapanga bajeti, alishajua anataka nini. Likifika kwenye grupu la wasapu limeshapita mikono ya watu wengi, na watakaopata wengi wao walianza kujiandaa miezi sita nyuma, washirika wanao, bajeti imeshapita kwa mhasibu, wanangoja tu dirisha lifunguke waingie.

Kuhusu kujuana, ndiyo kupo, lakini sivyo unavyofikiria. Anayepata mara nyingi anajulikana kwa kazi yake kabla wito haujatoka, aliandika imeili akauliza, alionekana kwenye kongamano, alikuwa mshirika mdogo kwenye mradi wa mwenzake. Hiyo inajengeka, na wewe unaweza kuijenga ukiwa hapo hapo Moshi.

Mi nimekaa kwenye ofisi za utafiti huku Arusha miaka mingi, nimesoma maandiko ya watu mpaka macho yanauma, na kama kuna kitu kimoja ningetaka kila mhadhiri mpya akijue ni hiki: pesa ya utafiti inaacha nyayo. Wafadhili wengi wakubwa wanaweka hadharani wamempa nani, kiasi gani, kwa kazi gani, kuanzia lini mpaka lini. Ukizifuata hizo nyayo kurudi nyuma unajua nani analipia kazi inayofanana na yako, na ukishamjua ndio unakaa unangoja wito wake yeye, hao wengine mia unaachana nao.

Fanya hivi. Chukua pepa kumi au kumi na mbili ulizozitegemea zaidi kwenye tasnifu yako. Usisome matokeo, unayajua. Nenda moja kwa moja mwisho, kile kiaya kidogo cha shukrani kabla ya marejeo ambacho sisi wote huwa tunakiruka. Pale wameandika nani kalipa na mara nyingi wameandika na namba ya granti. Hiyo namba ndio ufunguo wenyewe. Kama ni pesa ya taasisi za afya za Marekani unaiingiza kwenye NIH RePORTER, kama ni ya Umoja wa Ulaya unaenda CORDIS, ya Uingereza kuna Gateway to Research ya UKRI, zote hizi ni databesi za bure, huhitaji chuo kulipia chochote. Inakutolea jina la mtafiti mkuu, chuo chake, kiasi, miaka, na muhtasari wa kile walichoahidi kufanya. Huo muhtasari usome kwa makini kuliko pepa yenyewe, kwa sababu hayo ndiyo maneno yaliyomfanya mfadhili atoe pesa.

Nikupe mfano wa mlima wako huo huo. Ukisoma pepa za ikolojia ya Kilimanjaro za kuanzia miaka ya 2010 utakutana tena na tena na DFG, shirika la utafiti la Ujerumani, na namba FOR 1246. Ingia kwenye databesi yao inaitwa GEPRIS, andika hiyo namba, utaona mradi mmoja mkubwa wenye miradi midogo kibao ndani yake na kila mmoja una profesa wake na chuo chake. Halafu utaona baadaye ukaja mwingine, FOR 5064, nao ni wa Kilimanjaro, ila huu unaangalia watu na mazingira kwa pamoja. Sasa DFG hawatakupa wewe hela moja kwa moja ukiwa Moshi. Lakini ndani ya nusu saa umeshapata majina ya watu ambao wamefanya kazi miaka mingi kwenye mteremko ule ule ambao mifongo yako inapita, na wewe una vipimo vya miaka miwili ambavyo mtu aliyekaa Ujerumani hawezi kuvipata kwa kuja wiki tatu za kiangazi. Una kitu cha kupeleka mezani mdogo wangu, hilo usilisahau unapoandika.

Kuna dada mmoja wa mambo ya malisho nilikaa naye siku nzima ofisini Njiro, tulinunua kauntabuku kubwa la kwaya nne tukachora mistari kwa rula: mfadhili, namba, kiasi, miaka, nani kaongoza, chuo gani, wito wake hutoka mwezi gani. Saa tatu asubuhi alikuwa na majina mawili tu kichwani, yale yale makubwa ambayo kila mtu anayataja. Mpaka saa kumi jioni tulikuwa tumejaza kurasa mbili na nusu, chai imepoa imefanya utando juu, na akawa kimya kwa muda anaangalia safu ya kwanza manake kuna mfadhili mmoja alikuwa amejirudia mara tano kwenye pepa kumi na mbili na yeye hajawahi kumsikia. Alimwandikia mwezi uliofuata. Hakupata mara ya kwanza, alipata ya pili.

Ile safu ya mwisho ya mwezi ndio inakutoa kwenye mateso ya dedilaini ya wiki ijayo. Wafadhili wengi wana mzunguko, kama wito ulitoka Februari mwaka jana na mwaka juzi, uwezekano ni mkubwa utatoka tena karibu na hapo. Wengine wanakuambia kabisa mapema. Horizon Europe, ambayo ni programu ya Umoja wa Ulaya ya 2021 hadi 2027 iliyoanza na bajeti ya euro bilioni 95.5, inatoa mpango kazi ambao mada zinaonekana miezi mingi kabla dirisha halijafunguliwa. Grants.gov ya Marekani nayo ina sehemu ya wito unaotarajiwa. Kwahiyo ukifungua hizo kila mwanzo wa muhula, saa mbili tu, unajua mwaka mzima unakujaje.

Sasa kwa fani yako na hatua uliyopo, ningekuwa mimi ningeangalia nani.

Wewe ni mwanamke, una uzamivu wa sayansi, umeajiriwa na chuo cha Tanzania. Basi wa kwanza ni OWSD, ile jumuiya ya wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea, makao yake Trieste, Italia, chini ya mwamvuli mmoja na TWAS, akademia ya sayansi ya nchi zinazoendelea. Wana feloshipu ya wanaoanza, imekuwa ikifika hadi dola 50,000, na inalenga wanawake waliokwisha kumaliza uzamivu ambao wanataka kujenga kikundi cha utafiti kwenye taasisi yao nyumbani. Soma hayo maneno tena, kujenga kikundi nyumbani. Una wanafunzi wawili, una mifongo mitatu, una vipimo. Hapo andiko lako lianze na hicho kikundi kidogo ulichonacho tayari na lioneshe kitakuaje, usianze na mabadiliko ya tabianchi duniani kama ambavyo wengi wetu tunafanya. TWAS wenyewe, walioanzishwa 1983, wana ruzuku za utafiti kwa nchi kama yetu. IFS, taasisi ya kimataifa ya sayansi yenye makao Sweden, ya tangu 1972, kwa miaka mingi imetoa ruzuku ndogo za mtu mmoja, za miaka ya karibuni zikifika hadi dola 15,000, na maji ni moja ya mambo waliyoyapenda sana, ila walikuwa wanaangalia umri kwahiyo usikawie kucheki kama dirisha bado lipo. British Ecological Society wana ruzuku ya wanaikolojia waliopo Afrika, kama ukiweza kuifunga kazi yako na uoto wa kwenye vihamba, yale mashamba ya migomba na kahawa ya nyumbani, hiyo nayo inakuhusu.

Hizi pesa ni ndogo ukilinganisha na unazosikia watu wanataja vikaoni, najua. Lakini granti ya dola elfu kumi na tano iliyoisha vizuri, ripoti imeenda kwa wakati, hesabu zimenyooka, pepa moja imetoka, inamwambia mfadhili wa kesho kitu ambacho wasifu wako hauwezi kumwambia, kwamba huyu akipewa pesa anaimaliza kazi. Nimeona watu wanaruka hii ngazi wanaenda kuomba laki tano za euro wakati hawajawahi kusimamia hata milioni kumi ya shilingi, na mkaguzi wa andiko anaiona hiyo kwenye ukurasa wa kwanza tu.

Nyumbani usipadharau. COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, wanasimamia mfuko wa taifa wa sayansi na teknolojia, MTUSATE, na wanatoa wito wao pamoja na ule unaotoka kwenye mpango wa mabaraza ya utafiti ya Afrika ulioanza 2015. Wito wao unakuja na vipaumbele vya serikali, na umwagiliaji umo sana. Vilevile pitia ofisi yako ya utafiti uulize chuo chenu kimejisajili wapi, kuna watu wanakaa miaka mitano hawajui chuo chao ni mwanachama wa RUFORUM, ule mtandao wa vyuo vya Afrika wa mambo ya kilimo, au la. Na kama una mwenzako wa uchumi hapo koridoni mwambie aangalie AERC ya Nairobi, wapo tangu 1988.

Kuna kundi lingine ambalo lazima uwe na mshirika wa kule. VLIR-UOS ya Ubelgiji wanataka profesa wa Flanders, eneo la huko Ubelgiji, aombe pamoja na wewe. Danida, wale wa misaada ya Denmark, wanatoa wito wa utafiti kupitia Danida Fellowship Centre, Tanzania imo kwenye nchi zao, hatua ya kwanza ni andiko fupi la wazo tu, ukipita ndio unaandika refu, na miaka fulani waliweka dirisha ambalo chuo cha huku ndicho kinachoongoza. Horizon Europe taasisi ya Tanzania inalipwa kabisa na wao, haihitaji kujilipia, watu wengi hawalijui hilo, ila huwezi kuanzisha peke yako manake kwa kawaida wanataka angalau taasisi tatu kutoka nchi tatu tofauti za Umoja wa Ulaya au zilizounganishwa nao. Wewe unaingia kama mshirika. Humboldt wa Ujerumani wamekuwa na feloshipu ya Georg Forster kwa watafiti wa nchi zinazoendelea, ukienda kukaa kule miezi kadhaa unarudi na mshirika wa maisha. Hiyo angalia haraka kwa sababu baadhi ya feloshipu zinahesabu miaka tangu umalize uzamivu, na saa yako imeshaanza kukimbia. Ila kama ulikuwa likizo ya uzazi hapo katikati soma masharti vizuri, wafadhili wengi wanaitoa hiyo kwenye hesabu, usijitoe mwenyewe kabla hawajakutoa.

Wenzetu wa afya pale KCMC njia yao ni nyingine, NIH, Wellcome, EDCTP ambayo sasa imekuwa Global Health EDCTP3, hiyo sitaingia sana. Ila nitasema kitu kuhusu Marekani kwa sababu kinatugusa wote. Januari 2025 misaada ya nje ilisimamishwa, miradi ikapewa barua za kusimamisha kazi, na kufikia Julai 2025 USAID haipo tena kama tulivyoijua. Mei 1 mwaka huo huo NIH wakatangaza wanasitisha utaratibu wa chuo cha Marekani kupokea granti halafu kukikatia chuo cha nje kipande chake, mpaka waweke mfumo mpya. Kuna vijana wa maabara hapa kanda ya kaskazini walienda nyumbani kwa wiki moja tu ya taarifa, watu wenye shahada mbili na ujuzi wa miaka kumi, roho inaniuma mpaka leo nikikumbuka. Uingereza nao wametangaza kushusha misaada yao kutoka asilimia 0.5 ya pato lao hadi 0.3 ifikapo 2027. Kwahiyo kauntabuku lako lisiwe na nchi moja. Ukikuta safu ya kwanza yote ni bendera moja, ongeza pepa za kutafuta nyayo kutoka kwingine, Canada wana IDRC, Uswisi wapo, Norway wapo, Sweden wapo.

Sasa hapa naomba unisikilize kuliko sehemu nyingine zote, usajili. Niliwahi kufanya kazi na chuo kimoja, sikitaji, kulikuwa na kaka mmoja ana andiko zuri la fedha za serikali ya Marekani, zuri kweli, tulikuwa tumelisoma watu wanne. Ijumaa mchana dedilaini ni Jumatatu, tunaingia kwenye mfumo kulipandisha, mfumo unakataa. Usajili wa chuo kwenye SAM.gov, mfumo wa Marekani wa kusajili taasisi zinazoomba fedha zao, ulikuwa umekufa, kwa sababu ule usajili unahuishwa kila mwaka na aliyekuwa anauhuisha ni mhasibu mmoja aliyestaafu Juni, paswadi ilikuwa kwenye daftari lake na namba ya uthibitisho inaenda kwenye simu yake ya zamani. Tulimpata kijijini kwake jioni, mzee wa watu akatafuta lile daftari kwa tochi, tukafungua, kumbe na anwani nayo hailingani, kwenye usajili mmoja wameandika sanduku la posta na kwenye mwingine jina la barabara, na kule ukiwa na herufi tofauti tu wanakurudisha. Marekebisho yalichukua wiki. Yule kaka alifunga laptopu yake akaondoka bila kusema neno, na andiko lile halikutumwa kokote tena.

Kwahiyo wiki hii hii, kabla hujaandika sentensi moja, nenda ofisi ya utafiti na ya uhasibu uliza maswali haya: chuo kina UEI, ile namba ya Marekani iliyochukua nafasi ya DUNS Aprili 2022? Usajili wa SAM unaisha lini na nani anashika paswadi? Na kama tuna NCAGE, ile namba ya utambulisho ya taasisi za nje ya Marekani, anwani yake ni ile ile? Kwa Ulaya, chuo kina PIC, ile namba ya tarakimu tisa? Nani ana mamlaka ya kusaini na akisafiri nani anasaini? Andika majibu ukurasa wa mwisho wa kauntabuku. Na wewe mwenyewe fungua ORCID, namba ya utambulisho ya mtafiti, kama huna, ni bure na dakika tano.

Ukishakuwa na mfadhili mmoja au wawili ambao kweli wanakufaa, soma wito wao wa mwaka jana mstari kwa mstari, ule wa zamani, usingoje mpya. Anza na sehemu ya sifa kabla ya mada. Nani anaruhusiwa kuongoza, nchi gani, miaka mingapi, taasisi ya aina gani, chuo kinatakiwa kuchangia kiasi gani. Angalia na ovahedi, yaani pesa ya gharama za uendeshaji za chuo, manake kila mfadhili ana yake, Horizon Europe wanatoa asilimia 25 juu ya gharama za moja kwa moja, NIH kwa taasisi za nje imekuwa asilimia 8, wengine sifuri kabisa, na kama uongozi wa chuo chako una kiwango chake cha kukata basi mliongee hilo mapema kuliko kugombana pesa ikishaingia. Haya mambo ndio yaliyokuua kwenye yale maandiko mawili yasiyojibiwa, nahisi hivo, mara nyingi andiko lisilojibiwa ni lile lililochujwa kwenye sifa na halikufika kwa msomaji hata mmoja.

Halafu andika imeili kwa ofisa wa programu. Najua tunaogopa, tunaona kama ni kuomba upendeleo. Kwa wafadhili wengi wa Ulaya na Marekani huyo mtu kazi yake mojawapo ni kujibu maswali ya waombaji, na jina lake limeandikwa chini ya wito kwa sababu hiyo. Imeili yenyewe iwe fupi. Sentensi moja wewe ni nani, sentensi mbili una nini mkononi, yaani vipimo vya miaka miwili kwenye mifongo mitatu ya mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, sentensi mbili unataka kujibu swali gani, kisha swali lako, moja tu, lile ambalo wito haujalijibu. Kwa mfano, je mnakubali gharama za kulipa wasomaji vipimo wa kijijini ambao sio wanafunzi. Usiambatishe andiko la kurasa ishirini. Usianze na salamu za mistari mitano, kwetu ni heshima ila kule anayesoma anatafuta swali liko wapi. Na kwa yule profesa uliyemtoa GEPRIS fanya hivyo hivyo, ila yeye mpe grafu moja, ile inayoonesha maji ya mfongo yanavyoshuka kuanzia Agosti mpaka mvua za vuli. Grafu moja nzuri inajibiwa kuliko wasifu wa kurasa saba. Asipojibu wiki tatu mkumbushe mara moja, asipojibu tena nenda kwa jina linalofuata.

Na usiangalie Ulaya tu, jirani zako wana miradi. Panda Kosta asubuhi, nenda Tengeru kuna Taasisi ya Nelson Mandela wana watu wa maji wazuri tu, na kituo cha World Vegetable Center kipo huko huko. Lyamungo hapo kwako kuna TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, na kahawa ya kihamba inakunywa maji ya mfongo, sasa nani ana vipimo vya hayo maji? Nenda na kauntabuku lako, kaa na mtu, muulize mradi wake unaisha lini na anafikiria kuomba nini baada ya hapo. Swali hilo watu wanalipenda. Ukiingizwa kama mshirika mdogo mwenye kifungu chake kidogo cha bajeti, kubali, hakikisha tu kifungu kimeandikwa kwa jina la chuo chako na pepa jina lako lipo, mambo ya kuahidiana kwa mdomo usiyakubali hata kama ni rafiki.

Vibali viwekee muda kwenye mpango kazi. Mshirika wako mgeni atahitaji kibali cha utafiti cha COSTECH, na kama chanzo cha mfongo wako kiko juu ndani ya msitu kumbuka tangu 2005 ule msitu umo ndani ya hifadhi, kwahiyo kuna TAWIRI, wale wa utafiti wa wanyamapori, na TANAPA wa hifadhi za taifa pia. Andiko linalosema tutaanza vipimo mwezi wa kwanza baada ya kupata pesa, mkaguzi anayeijua Tanzania anacheka na anapunguza alama.

Moja la haraka: mtu yeyote anayekuambia ulipe ada ya kuchakata granti, au "ajenti" anayetaka asilimia kumi ya utangulizi ili akuunganishe, mfute. Mfadhili wa kweli hakuombi pesa ili akupe pesa. Kuna mwalimu mwenzetu alituma dola mia tatu kwa watu wa namna hiyo, na ilikuwa ada ya shule ya mtoto.

Hayo maandiko manne usiyatupe. Yale mawili yaliyokataliwa yana maoni ya wakaguzi? Kama uliyapata, yachape, kaa nayo siku ambayo huna hasira, pigia mstari kila sehemu ambapo wakaguzi wawili wamesema kitu kimoja. Kama hukuyapata andika uwaombe, kwa adabu, baadhi wanatoa. Andiko moja kati ya hayo litageuka kuwa la OWSD, karibu nina uhakika, na mwaka huu nakuomba uandike mawili tu, hilo na moja la ushirika, hayo mengine yakija kwenye wasapu wapelekee wenzako.

Pepa kumi na mbili, kauntabuku, Jumamosi moja. Ukishajaza kurasa mbili za kwanza piga picha nitumie, nione nani amejirudia, halafu tupange wa kumwandikia kwanza kabla muhula haujafunguliwa.